Moyo wa Udongo

Dada yangu mpendwa,

Huku mvua imekatika na nguo zinakauka. Jana niliwafundisha walimu wa sayansi kufinyanga moyo kwa udongo, waone damu inavyopita. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kufundisha tangu mkono upooze, na mkuu wa chuo alishasema nikishindwa atatafuta mwingine.

Mkono ulikosa nguvu, moyo ukabomoka mbele ya wote. Nilitamani ardhi ipasuke.

Mwalimu wa fizikia, yule mkali, akakunja mikono ya shati. "Wewe tuelekeze, mwalimu. Mikono tunayo."

Tukaufinyanga upya. Maji mekundu yakapita vyumba vyote bila kuvuja, wakashangilia kama watoto. Mkuu kaniambia nirudi Jumatatu.

Basi usije kuniuguza, dada. Njoo tu tucheke.

Mdogo wako, kitindamimba