Sentensi Niliyoiruka Kortini

Ijumaa. Tassia, mtaa ninaoishi hapa Nairobi, imefunikwa na mawingu tangu alfajiri, na mimi sina hamu hata ya chai.

Kazi yangu ni ukalimani wa korti. Kwa miaka kumi na moja nimegeuza Kiingereza cha mahakimu kuwa Kiswahili: wizi, talaka, ugomvi wa mashamba. Jana ilikuwa kesi ya mabadiliko ya tabianchi. Wakaazi wa bondeni Mathare walitaka korti iamuru mitaro ijengwe na wao wahamishiwe mahali salama kabla ya mvua nyingine. Mlalamishi wa kwanza ni Mama Atieno, anayefulia watu nguo. Mafuriko yalimchukua mumewe.

Jaji alisoma karibu saa nzima. Alisema hali ya hewa imebadilika kweli, na kwamba watu hawa wana haki ya kuishi salama. Kisha, kwa sentensi moja, akasema amri walizoomba hawezi kuzitoa. Hiyo, alisema, ni kazi ya wanaopanga bajeti ya serikali. Ombi likatupwa.

Zamu yangu ilipofika, karani alininong'oneza, "Fupisha, kuna kesi nyingine."

Nikafupisha, na ile sentensi moja nikairuka.

Jaji alikuwa ameshafungua faili lingine Mama Atieno aliponiuliza, "Sasa mwanangu, tumeshinda ama?"

"Korti imewasikia, mama," nikamwambia. "Imesema mna haki."

Haikuwa uongo. Hilo ndilo linalonitafuna.

Walitoka wameshikana mikono, wengine wakimshukuru Mungu. Kupitia dirisha nikamwona wakili wao akiwaeleza yote, na ile mikono ikaachana. Mama Atieno akarudi ndani, akasimama mbele yangu.

"Yule jaji alikuwa akiongea na wenzake," akasema polepole. "Wewe ndiye uliongea na mimi."

Nikaanza kukusanya karatasi zangu.

Nikiri hapa: nilitaka warudi nyumbani wakiiamini korti. Pia niliogopa kuutazama uso wake. Sasa hawaiamini, na siwezi kuwalaumu.

Wakili anasema bado wanaweza kukata rufaa. Leo nimechukua nakala ya hukumu na nimeanza kuitafsiri yote, na ile sentensi nimeiandika kwanza, peke yake, bila kuilainisha. Jumapili baada ya ibada nitashuka Mathare niwasomee.

Sijui kama Mama Atieno atakubali kuisikia tena sauti yangu.