Nambari za Vyumba vya Baridi

Chumbageni, Tanga
12 Machi 1998

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta hapo Mkwaja mzima, na lile goti limepunguza kukusumbua. Sisi huku tunapumua, alhamdulillahi. Mjukuu wako Tahiri ametoa jino la pili, sasa ananing'ata kwa kujidai.

Mama, kazini kwetu pamekuwa kama matangani. Unajua tangu tajiri Zainuddin alinunue lile ghala la samaki la shirika, vyumba vya baridi vinaendeshwa na mitambo. Kila mtambo una nambari zake, kama sanduku la posta, na kompyuta ya ofisini huuita kwa nambari hizo kupitia waya. Juma lililopita umeme ulikatika siku tatu. Uliporudi, mtambo mkubwa ulikuwa umesahau kila kitu. Asif, fundi aliyeletwa kutoka Dar es Salaam, akasema betri yake ya ndani imekufa, lakini si neno, nambari zote zimo kwenye karatasi iliyobandikwa ndani ya kabati la umeme. Wakafungua. Karatasi hakuna, imebaki alama ya gundi tu.

Asif amebahatisha siku mbili, wapi! Anasema ni kama kumtafuta mtu Tanga nzima kwa kupiga hodi kila mlango. Kamba wa kupeleka ng'ambo wameanza kunuka. Tajiri akamgeukia Miraji, fundi wetu wa umeme, yule aliyembeba Tahiri hadi hospitali siku ya degedege. Akamwambia ameificha karatasi makusudi ili asipatikane wa kuuamsha mtambo ila yeye, maana ufunguo wa kabati anao yeye. Miraji akaapa, wenzake wakacheka eti ameimeza. Amesimamishwa, na Jumamosi atapelekwa polisi. Jana mkewe alikuja kwangu kulia. Nilishindwa kumtazama usoni.

Mama, Miraji hakuichukua. Ufunguo huniazima mimi nipanguse vumbi, na mpaka leo hajanitaja.

Unakumbuka uliniagiza Tahiri aandikiwe hirizi na Mwalimu Jumbe, nami nikakujibu tayari? Nilikudanganya. Mwalimu alikuwa kaenda Mwera mazikoni, na mtoto anawaka homa. Ile karatasi nilikuwa nikiiona kila nikipangusa: nambari tupu ndani ya vijumba vya mraba, zimepangwa sawasawa na zile ambazo walimu wetu huandika kwenye hirizi. Nilipomuuliza Miraji, alinicheka, akasema nisiiguse kamwe, bila hiyo jengo zima linakufa. Nikajua tajiri kaliwekea jengo kinga. Nikasema moyoni, kinga ya samaki itashindwaje kumkinga mwanangu? Nikaibandua, nikaikunja, nikaishonea kitambaa cheusi, nikamvika. Siku ya pili homa ikashuka. Ndiyo maana hata nilipoelewa wanachotafuta, mkono ulikataa kumvua.

Leo asubuhi nimefumua uzi. Nilitaka kunakili tu, karatasi yenyewe nimrudishie mtoto, nikaona nitakuwa naiba mara ya pili. Nambari zote zinasomeka ila mbili za pembeni. Jasho la mwanangu limezifuta. Hizo mbili Asif atazibahatisha, Mungu akipenda.

Barua nampa Luka dereva sasa hivi. Nikitoka hapo naingia kwa tajiri, karatasi mkono huu, Tahiri mkono huu. Wakinifukuza, nitengee mkeka.

Msalimie dada Semeni na jirani zetu wote. Mtoto shingo yake i tupu, mama. Kila swala umtaje.

Mwanao,
Nasma