Nane Yangu ya Hesabu

Jumanne, Februari 1984. Joto la leo halina huruma, hata ukuta ukiuegemea unaunguza. Mwanangu Zuhura amelala baada ya kunisumbua na meno tangu alfajiri, nami naandika upesi kabla hajaamka.

Barua ya chuo cha ualimu imefika asubuhi. Hawakunichukua. Kiswahili nilipata mbili, Jiografia tano, Hesabu nane. Wao wanataka Hesabu isizidi sita. Katika mtihani wetu wa kidato cha nne moja ndiyo ya juu na tisa ni kuanguka, kwa hivyo nane yangu ni ya kuponea chupuchupu.

Aibu yangu iko hapo.

Mavyaa, mamake mume wangu, hakusoma skuli. Majibu yalipotoka aliniuliza Hesabu nimepata ngapi, nikamwambia nane. Alifurahi, akapika kaimati, akampelekea jirani yetu Bi Riziki, ambaye binti yake alipata tatu. Akamwambia asivunjike moyo, wengine vichwa hufunguka baadaye. Nikanyamaza. Nilikuwa na mimba ya miezi saba, nimechoka, na kusifiwa kulikuwa kutamu.

Mwaka mzima nimenyamaza.

Leo ikabidi niseme. Nikitaka kuurudia mtihani nahitaji mtu wa kukaa na Zuhura, na sina mwingine ila yeye. Nilimkuta uani akikuna nazi. Nikamweleza yote, hadi ile tatu ya binti wa Bi Riziki.

Mkono wake ukasimama.

"Kwa hivyo nimempelekea mtu kaimati za kumpoza, kumbe mwanawe ndiye aliyemshinda wangu?"

"Ndiyo, Mama. Nisamehe."

Alikuna nazi mpaka kifuu kikabaki kitupu. Kisha akasema leo leo twende kwa Bi Riziki, nikaseme kwa mdomo wangu, na huyo binti ndiye nimwombe anifundishe.

"Mtoto utaniachia kila siku baada ya adhuhuri. Lakini usinifiche tena jambo kwa kuwa sikusoma."

Neno hilo limeniuma kuliko barua.

Tunakwenda baada ya alasiri. Buibui nimeshalitoa. Kicheko cha Bi Riziki nakiogopa kuliko mtihani wenyewe, na Mavyaa amesema atatangulia kunisemea ikiwa nitashindwa.

Hapana. Hodi nitapiga mimi.