Mkanda wa Kijiko na Samli ya Bibi

Jumatatu, 16 Juni 2025

Kimelia tena. Safari hii hadi watu wa barabarani wakasimama.

Nasema kijiko cha Baba, ile mashine ya kuchimba na kuchota udongo, kile kidogo cha magurudumu manne alichonunua kwa mkandarasi wa barabara. Ukikiwasha tu – mlio! Kama nguruwe anayevutwa masikio. Jirani yetu Mwebesa alikuwa anapita na baiskeli ya ndizi, akapaza sauti: Nestory, unachinja leo? Mbona hujatualika?

Baba hakucheka. Juzi alikipeleka mbugani kwa mzee Mutabazi, ambaye lambo lake limejaa tope na ng'ombe hawana maji safi. Kuwasha tu, ng'ombe wote wakatimka. Wachungaji walikimbizana nao mpaka jioni. Mzee Mutabazi hakufoka. Alisema kwa upole, rudi Nestory ukishakinyamazisha. Baba anasema angetukanwa ingekuwa nafuu.

Mama yuko Nyakatuntu kwa mama mdogo aliyejifungua. Kwa hiyo nyumbani tupo Baba, Bibi, mimi, na kahawa ya kuanika. Kahawa haiishi!

Kesho anakuja fundi kutoka Nyaishozi. Gideon.

Nimeandika jina lake halafu nikageuka kuangalia mlango. Mjinga mimi.


Jumanne, 17 Juni

Amekuja. Ameondoka. Sijui nianzie wapi.

Amefungua banda lake juzijuzi tu, mwezi wa nne, na bado anasalimia kila mtu kama anaomba kura. Alimpigia Bibi shikamoo ya kuinama kabisa. Baba alikuwa kwenye simu anambembeleza mzee Mutabazi. Gideon akauliza nani atamshikia tochi. Nikajikuta nimeshaishika.

Injini ya kijiko iko nyuma, unafungua mlango kama wa kabati. Akalegeza nati ya ile puli inayokaza, akauchomoa mkanda wa zamani. Umepasuka-pasuka, na upande wa ndani unang'aa kama benchi la kanisani. Akaniambia, umeona? Belti ikishang'aa hivi haishiki tena, inateleza. Makelele yote yale ni kuteleza tu.

Najua! Msuguano. Niliuandika muhula uliopita, ukurasa mzima, kwa Kiingereza, mwalimu akasoma kazi yangu mbele ya darasa. Kwa hiyo nikamjibu Gideon nini?

Eeh.

Basi. Eeh! Nyumbani Kinyambo, shuleni Kiingereza, humu daftarini Kiswahili, na mdomo wangu hauna hata kimoja.

Akazungusha puli zote kwa mkono, ameinamisha sikio kama daktari, anasikiliza beringi. Nzima. Akavisha mkanda mpya. Wakati wa kukaza, spana ikaponyoka akachubuka vidole. Bibi akaona. Akaja na kibuyu chake.

Lazima niseme kuhusu samli ya Bibi. Bibi Edvina ni binti wa wafugaji, aliolewa huku kwenye migomba, na kibuyu hicho alikuja nacho. Anapaka kila kitu. Bawaba, baiskeli, goti lake. Chochote kinacholia anasema kimekauka, kinaomba. Ukisafiri anakupaka kwenye paji la uso, na hapa nyumbani hakuna aliyewahi kumwambia hapana. Hata Baba. Kukataa samli yake ni kumkataa yeye. (Mimi nilipokwenda bweni nilijifuta kituoni, kwa kiganja, kabla basi halijafika. Sijamwambia mtu.)

Gideon alinyoosha mkono akatulia kama mtoto anayebatizwa. Bibi akasema, usiuoshe leo, waitu, mwanangu. Akasema, siuoshi Bibi.

Wakati anafunga vifaa vyake Baba bado yuko na simu. Gideon akanigeukia mimi, akasema: Belti mpya inanyooka ikianza kazi, kesho kutwa inaweza ikapiga mluzi kidogo. Isiwatishe. Mwambie mzee anipigie nije niikaze. Na msiipake kitu chochote. Sawa?

Nikaitikia kwa kichwa.

Kijiko kikawashwa. Kimya! Injini tu, inanguruma vizuri. Baba alicheka hadi akampiga Gideon begani.

Nikimwambia Baba ule ujumbe atauliza, na mlikuwa mnaongea nini kingine? Hatukuongea kingine! Lakini najua uso wangu utakavyokuwa.

Nitamwambia kesho.


Jumatano, 18 Juni

Sijamwambia.


Alhamisi, 19 Juni

Mluzi umeanza. Mdogo, kama wa mtu anayepuliza chai. Gideon alisema isiwatishe, lakini alisema kwangu, na ujumbe wake bado ninao hapa kooni kama mwiba wa sato.

Baba akakunja uso akaenda zake Nyakasimbi kupakia changarawe. Jioni karudi, kaoga, kalala kwenye kiti na redio.

Bibi akaniita uani. Kemi, hicho kitoto kinaumwa koo. Nifungulie huko nyuma.

Nikasema, Bibi, fundi alisema...

Alisema nini?

Alikuwa ananitazama na kibuyu mkononi. Alikuwa na furaha! Ni kama siku zile ananisuka na ananisimulia za kwao. Nikasema, alisema mkanda ni mzuri.

Nikafungua. Ni mimi, maana Bibi hajui kitasa kiko wapi. Akapaka mkanda, akapaka na puli, kwa kidole kimoja, taratibu, anasema maneno ya kwao ya kubariki ng'ombe anayekwenda kuzaa. Nikamshikia tochi. Tochi ile ile.


Ijumaa, 20 Juni

Asubuhi kimya kabisa! Bibi akanikonyeza. Nami, Mungu nisamehe, nikafikiri labda fizikia haijui kila kitu.

Baba hakufika hata kwenye kona ya zahanati. Maawe! Ule mlio haujawahi kusikika. Ule wa zamani ulikuwa nguruwe, huu ni zizi zima. Na moshi. Na harufu! Wanafunzi wa msingi walikuwa wanapita, wakaanza kuulizana nani anakaanga maandazi.

Baba karudi anatembea. Kijiko kakiacha pale pale, mpaka vijana wakaja na trekta kukivuta hadi nyumbani.

Akampigia Gideon, akaweka spika. Umenifungia mkanda feki! Mpira unaungua unanuka!

Gideon akasema, mzee, haiwezekani, hata nilimwambia...

Akakatisha. Nilisikia kabisa alivyokatisha. Alikuwa anakuja kwenye jina langu akalizunguka, kama mtu anavyozunguka kifaranga njiani.

Baba: ulimwambia nani?

Gideon: nitakuja Jumanne, mzee, nikiangalie.

Nilikuwa mlangoni na ungo wa kahawa. Nikaendelea kupepeta. Bibi naye? Yeye anaamini samli ilikuwa kidogo.


Jumapili, 22 Juni

Bora ningebaki nyumbani.

Baada ya ibada kukawa na mnada wa sadaka kama kawaida, mikungu, mayai, jogoo mmoja mkali. Baba amesimama na wenzake nyuma ya watu. Mzee Privatus mwenye mashine ya kusaga akasema mashine yake nayo imeanza kulia, kesho alitaka kumwita yule kijana wa Nyaishozi. Baba akasema, thubutu! Atakuuzia mpira wa kandambili ukiambiwa ni mkanda. Wakacheka. Privatus akasema, basi nimepona.

Mbele yao alikuwa mama Felicitas. Mama yake Gideon! Mkono alikuwa ameuinua anagombea jogoo. Akaushusha polepole. Mnadishaji akauliza, mama, vipi, umeshindwa? Akasema, ndiyo, nimeshindwa.

Kisha akageuka akamsalimia Bibi. Kwa heshima zote. Bibi akamwambia mwanao ana mikono mizuri, vidole vimepona? Mama Felicitas akasema, vimepona, anakushukuru. Macho yake mekundu.

Nikaenda nyuma ya kanisa nikasimama. Banda lina miezi miwili tu. Mtu mmoja kwenye mnada anatosha, wiki ijayo Nyaishozi nzima inajua.

Nitasema leo chakula cha jioni.


Baadaye. Katogo imepikwa, imeliwa. Baba alisifu maharage. Nilifungua mdomo nikaweka ndizi.


Jumatatu, 23 Juni

Nimegeuza kahawa. Sijasema. Nimegeuza tena, hata haikuhitaji.

Najaribu sentensi. Baba, samahani. Baba, kuna jambo. Kwa Kinyambo inakuwa nzito kama msiba. Kwa Kiswahili kama taarifa ya habari. Na zote zinaishia kwa Bibi. Nikisema mkanda una mafuta, nimesema kidole cha nani? Nikisema ni changu, naongopa, na Bibi mwenyewe atanikatalia mbele za watu, samli ni yangu! Kwa kujivuna!

Natembea uani kama kuku anayetaka kutaga.


Jumanne, 24 Juni

Naandika jikoni. Nimesimama. Daftari liko juu ya gunia la maharage.

Gideon yuko nje. Baba pia, na mzee Privatus, ambaye Baba kamwita makusudi aje ashuhudie. Bibi yupo kwenye mkeka anachambua kahawa, kibuyu ubavuni.

Gideon hakuniangalia alipofika. Shikamoo kwa wote, akafungua nyuma. Akagusa mkanda kwa kidole. Akasugua kidole na kidole gumba. Akanusa.

 Mimi nilikuwa na tochi, mchana kweupe, hakuna aliyeniomba. Akageuza macho polepole hadi kwenye mkeka. Hadi kwenye kibuyu.

Bibi akasema, mkono umepona, mwanangu?

Umepona, Bibi. Samli yako ni dawa.

Na kovu lenyewe linang'aa. Kisha akafuta kidole kwenye suruali akamwambia Baba: mzee, kosa ni langu. Nitaleta mwingine.

Kosa lake! Alisema hivyo, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayetaja saa. Baba akampiga Privatus kiwiko: si nilisema? Amekiri mwenyewe! Privatus akatikisa kichwa, vijana wa siku hizi. Gideon akainama anatafuta spana ambayo anaiona.

Ningeweza kulia. Ningeweza kulia kuliko kijiko.

Halafu Bibi, kwa huruma yake yote: usijali, mwanangu. Ukileta mwingine nitaupaka mapema, kabla haujaanza kulia. Huu nilichelewa.

Baba alikuwa anacheka na Privatus, hakusikia. Au alisikia akadhani ni maneno ya Bibi. Gideon alisikia. Ndipo akaniangalia. Hakunilaumu. Ilikuwa kama mtu anayeuliza njia.

Baba akasema, Kemi, watu wanakaa kavu, weka maji ya chai.

Basi nimeweka. Sufuria kubwa.

Maana hata akileta mkanda wa dhahabu! Puli zimejaa samli. Mkanda mpya utateleza kama huu, na ule mwingine, na Gideon atasema kosa langu, kosa langu, mpaka afunge banda. Puli zinataka maji ya moto na sabuni na mtu wa kusugua. Na huu uliopo ukioshwa, ukikauka, ukikazwa – labda utashika. Labda. Kama umeungua, basi. Lakini puli lazima.

Na Bibi? Nitamwambia nini? Labda nimwambie kuna vitu vinalia kwa kukauka, na kuna vitu vinalia kwa kuteleza. Bawaba ni bawaba. Mkanda unataka kushika. Labda atanielewa. Labda hatanipaka tena nikienda shule. Sitaki asinipake.

Yanachemka. Majani ya chai yako kwenye kopo, sijayagusa. Nimemimina maji kwenye ndoo, nimetia sabuni ya unga, povu linapanda. Brashi yangu ya viatu vya shule hii hapa.

Baba anaita. Kemi! Chai vipi?

Nimejibu. Nimejisikia nikijibu, kwa nguvu, mpaka kuku wametoka jikoni: Naja, Baba! Ila si chai!

 Sasa Bibi anauliza nimesema nini. Nafunga daftari, natoka na ndoo.