Baiskeli Juu ya Gari la Mwalimu

Mjukuu wangu Kabula,

Mwangaluka. Huku Bariadi tu wazima, bibi yako yuko shambani anapalilia pamba. Umeuliza utabebaje baiskeli juu ya gari bila kuchubua rangi. Futa vumbi kwanza, tandika blanketi, viringisha matambara kwenye pedeli, kisha kaza kwa mipira ya tyubu.

Mimi nilijifunza kwa kukosea. Mwalimu wangu alinibebea baiskeli mpya kutoka Maswa. Niliifunga magunia fremu yote isikwaruzike, nikaacha pedeli wazi. Tulipoishusha, paa la gari lake lilikuwa na mchubuko mrefu. Akaupapasa, akaniuliza, "Baiskeli yako imepona?"

Namshukuru mpaka leo. Siku mtu akichubua gari lako, muulize kwanza kama cha kwake kimepona.

Babu yako