Mawe Aliyobeba Babu Yako

Mpendwa Baba,

Ni saa tisa alasiri hapa Akalla, pembezoni mwa Stockholm, na giza la majira ya baridi linaingia. Sijakuandikia tangu tukuzike, ila kuna jambo la ile safari yetu ya Wales linalonisumbua.

Kiangazi ulipokuja Stockholm kunitembelea, nilikuuliza unataka kuona nini Ulaya. Nilidhani utasema Paris. Wewe, uliyefanya kazi ya uashi miaka arobaini, ukasema, "Ukuta wa mawe wa zamani ambao bado umesimama."

Basi tukaenda Conwy, mji wa Wales wenye ngome ya kale. Watu walikuwa wanapiga picha za minara, wewe ukafumba jicho moja ukaupima ukuta kuanzia chini hadi juu, kisha ukaupapasa. "Waliojenga hapa walijua kazi," ukasema. Sikuwahi kukuona umefurahi vile.

Mama mmoja mwenyeji alikuwa ameketi kwenye benchi, mkaanza kuzungumza, nikawa nawatafsiria. Alisema ngome ile ilijengwa na mfalme wa Waingereza baada ya kuwashinda wazee wao, watu wa Wales, na wenyeji wakakatazwa kuishi ndani ya kuta za mji. "Ni nzuri," alisema, "lakini mimi nikiitazama naona tulivyoshindwa."

Ukaniambia, "Muulize mawe yalibebwa na nani."

Akajibu kwamba vibarua walikusanywa kwa lazima kutoka pande zote za Uingereza. Ukasema, "Babu yangu naye walimkusanya hivyo hivyo, kubeba mawe ya boma la Wajerumani pale kwetu. Siku moja..."

Nikakukatiza. "Baba, hayo tutaongea nyumbani. Basi litatuacha."

"Haya, mwanangu."

Basi lenyewe lilichelewa nusu saa. Tulisimama kituoni, kila mtu na lake. Nyumbani nako hatukuongea, maana nilikuwa na zamu kila siku. Kazi yangu ni kuwatunza wazee, Baba. Nimesikiliza habari za mababu wa Waswidi wengi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Ukarudi kwetu, na kabla mwaka haujaisha presha ikakuchukua.

Wiki iliyopita mjukuu wako Upendo alipewa kazi shuleni, aandike habari za ukoo wake. Nikamwambia habari ya mawe. "Halafu ikawaje?" akaniuliza kwa Kiswidi. "Aliitwa nani?"

Nikampigia shangazi. "Babu alikuwa akimsimulia baba yako tu, wakiwa shambani," akasema. "Sisi wasichana hatukuambiwa. Ulipaswa kumuuliza yeye, mama."

Upendo ameandika mstari mmoja: babu wa babu yangu alibeba mawe. Ukurasa uliobaki ni mweupe. Aliniuliza kama mwalimu ataukubali, nikamwambia aupeleke hivyo hivyo.

Nisamehe, Baba. Pumzika.

Binti yako,
Mama Upendo