Ndugu Yohana

Mlalo, Jumamosi, Agosti 1972

Na mkufunzi ameniandikia "vizuri sana". Vizuri kwa nani?

Chuo kimetuleta huku wiki mbili tujifunze kusuluhisha ugomvi wa vijijini. Leo ilikuwa zamu yangu, na kesi yenyewe ni ya nyumbani kwetu. Baba na baba mdogo wanagombea mfereji wa maji wa mashamba ya bondeni. Mwaka wa pili huu hawasemeshani. Mkufunzi akasema niichukue mimi, eti najua Kishambaa.

Kanuni yake ya kwanza: kwenye usuluhishi hakuna mkubwa wala mdogo, wote ni ndugu. Basi nikasimama mbele ya kijiji kizima, bila hata shikamoo, nikasema, "Ndugu Yohana, anza wewe."

Baba yangu mzazi.

Aliniangalia mpaka nikainamisha kichwa. Kisha akamgeukia mdogo wake. "Umemsikia mtoto wako?"

"Nimemsikia, kaka. Si huyu tuliyekuwa tukimbeba kuvuka mto aende shule?"

Wakaondoka pamoja. Mkufunzi akapiga makofi. "Wamepatana!"

Kweli wamepatana. Jioni maji yalikuwa yanapita mashamba yote mawili. Nilipofika nyumbani, mama alinizuia mlangoni. "Kalale na wenzako, mwanangu. Baba yako anakula na mdogo wake."

Nikaamkia kwa sauti kubwa, wasikie ndani. "Shikamoo, baba."

Nilisubiri marahaba.

"Hujambo, ndugu," akajibu.